Cannonball Adderley

Julian Edwin Adderley, anayejulikana zaidi kwa jina la Cannonball Adderley (Tampa, Florida, 15 Septemba 1928 – Gary, Indiana, 8 Agosti 1975), alikuwa mpiga saksafoni ya alto, kiongozi wa bendi na mwalimu wa muziki kutoka nchini Marekani. Ni mmoja wa wanamuziki wakubwa wa mtindo wa jazi uitwao hard bop, na alichangia sana kuzaliwa kwa tawi lake lililopendwa na wengi, yaani soul jazz. Anakumbukwa kwa kushiriki katika albamu ya Miles Davis "Kind of Blue" (1959), kwa bendi aliyoiongoza pamoja na mdogo wake Nat Adderley, na kwa kibao "Mercy, Mercy, Mercy" kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1966 kuingia 1967.

Kabla ya kupata umaarufu alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, na ualimu huo haukumtoka maishani. Jukwaani aliwaeleza watu walichokuwa wanakwenda kusikiliza, nani amekitunga na kwa nini. Wako wahakiki waliomlaumu kwamba anaurahisisha muziki ili upendwe. Lawama hiyo ilimfuata kwa miaka kumi na mitano, na habari za maisha yake haziwezi kuelezwa vizuri bila kuigusa.

Familia na utoto

Adderley alizaliwa katika nyumba ya walimu. Baba yake, Julian Carlyle Adderley, alikuwa mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari na pia mpiga koneti. Mama yake, Jessie, alifundisha shule ya msingi. Mdogo wake Nathaniel, maarufu kama Nat, alizaliwa tarehe 25 Novemba 1931. Wazazi walipopata kazi katika Chuo cha Florida A&M, familia ilihamia mji wa Tallahassee, makao makuu ya jimbo la Florida. Wakati huo sheria za ubaguzi zilitenganisha shule, mabasi na hospitali za watu weusi na za wazungu, na Florida A&M kilikuwa chuo cha watu weusi. Kwa hiyo watoto wa Adderley walikulia katika jumuiya ya wasomi weusi, mahali ambapo vitabu na ala za muziki vilikuwa vitu vya kawaida nyumbani.

Jina la Cannonball, ambalo maana yake ni tufe la mzinga, halikutokana na umbo lake, ingawa alikuwa mtu mnene na lilimfaa. Shuleni wenzake walimwita mla watu kwa sababu ya hamu yake kubwa ya chakula. Neno hilo la Kiingereza, lilipotamkwa na watu ambao hawakulisikia vizuri, likageuka kuwa Cannonball. Alibaki na jina hilo hadi kaburini, na upendo wake wa chakula pia haukupungua.

Mapema miaka ya 1940 kijana kipofu Ray Charles, ambaye baadaye alikuja kuwa mwimbaji mashuhuri duniani, aliishi Tallahassee kwa muda. Ndugu hao wawili walipiga naye muziki. Nyimbo za kanisani, blues za vilabuni na jazi ya bendi kubwa zilizosikika redioni ziliingia masikioni mwao kwa wakati mmoja, na katika kazi za baadaye za Adderley ni vigumu kuzitenganisha.

Alisoma muziki Florida A&M, ambako kiongozi wa bendi ya chuo alikuwa Leander Kirksey, na akamaliza masomo mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka ishirini hivi.

Mwalimu na mwanajeshi

Baada ya chuo Adderley aliajiriwa kuwa mwalimu na kiongozi wa bendi katika shule ya sekondari ya Dillard mjini Fort Lauderdale, shule ya watoto weusi kusini mwa Florida. Kazi ya kiongozi wa bendi katika shule ya Marekani si ndogo. Ni lazima afundishe kusoma noti, atunze ala, aandae gwaride na sherehe, na awe tayari kumfundisha mtoto tarumbeta leo na ngoma kesho. Mchana alikuwa darasani, na usiku alipiga na bendi yake katika vilabu vya mji.

Mwaka 1950 aliitwa jeshini. Huko aliongoza bendi ya dansi ya jeshi, ambamo alikuwamo pia mpiga piano Junior Mance aliyekuja kufanya naye kazi baadaye. Alimaliza utumishi mwaka 1953, akarudi Dillard na kuendelea kufundisha hadi mwaka 1955. Hapo alikuwa na miaka ishirini na sita, ana mshahara wa uhakika na heshima ya mwalimu katika mji wake. Wanamuziki wengi wa jazi waliokuja kuwa rika lake la kazi walikuwa wameshazunguka New York tangu wakiwa vijana wa miaka kumi na minane. Kwa kipimo hicho Adderley alikuwa amechelewa.

Usiku wa Café Bohemia

Katikati ya mwaka 1955, shule zikiwa zimefungwa, Adderley alikwenda New York pamoja na Nat. Nia yake ilikuwa kutafuta nafasi ya masomo ya juu. Mwezi Juni walikwenda kusikiliza muziki katika klabu ya Café Bohemia, mtaa wa Greenwich Village, ambako mpiga besi Oscar Pettiford alikuwa na bendi yake. Mpiga saksafoni wa bendi hiyo, Jerome Richardson, alikuwa amechelewa. Adderley alikuwa na saksafoni yake, akaruhusiwa kupanda jukwaani.

Wageni wasiojulikana walikuwa na mtihani wao katika vilabu vya New York. Kiongozi aliweza kuanzisha wimbo kwa mwendo wa kasi kupita kiasi, ili asiye na uwezo aaibike na kushuka mwenyewe. Pettiford alifanya hivyo. Mwalimu kutoka Florida hakushuka, alipiga kana kwamba mwendo huo ndio aliouzoea, na kabla ya siku chache kupita habari zilikuwa zimeenea katika jiji zima. Mwezi huohuo alirekodi na kundi la mpiga ngoma Kenny Clarke kwa ajili ya kampuni ya Savoy, na mwezi uliofuata akarekodi kwa jina lake mwenyewe. Kisha akaingia mkataba na kampuni ya EmArcy. Habari za masomo ya juu zikaishia hapo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya haraka hiyo. Charlie Parker, mpiga saksafoni ya alto aliyebadili jazi yote ya miaka ya 1940 na ambaye mashabiki walimwita Bird, yaani ndege, alifariki tarehe 12 Machi 1955. Miezi mitatu baadaye anatokea mtu mwenye ala ileile, mwenye kasi na ufasaha. Matangazo ya santuri yakamwita Bird mpya. Sifa hiyo ilimuuzia jina, lakini ilikuwa pia mzigo, kwa kuwa kila alichopiga kilipimwa kwa marehemu. Kwa kweli sauti yake ilikuwa tofauti. Ilikuwa nene zaidi na yenye furaha, na ilikuwa na mengi ya Benny Carter, bwana wa kizazi kilichotangulia.

Bendi ya kwanza na kushindwa kwake

Mwanzoni mwa mwaka 1956 ndugu hao waliunda bendi ya watu watano, Junior Mance akiwa kwenye piano na Sam Jones kwenye besi. Walizunguka miji mingi. Bendi ilikuwa nzuri, ila fedha hazikutosha. Malipo ya vilabu yaliishia kwenye petroli, hoteli na mishahara, na madeni yakaongezeka. Kabla ya mwaka 1957 kwisha ilivunjika.

Mtu aliyeacha kazi ya kudumu ya serikali za mitaa kwa ajili ya muziki angeweza kurudi nyumbani wakati huo bila kulaumiwa. Adderley alichagua kuwa mwajiriwa wa Miles Davis.

Pamoja na Miles Davis

Mpiga tarumbeta Miles Davis alikuwa amemsikia tangu 1955. Adderley alijiunga naye mwezi Oktoba 1957, na mpiga saksafoni ya tena John Coltrane aliporudi kundini mwanzoni mwa 1958, likawa kundi la watu sita. Ni vigumu kutaja kundi jingine la jazi lililokuwa na wapulizaji watatu wa kiwango hicho. Davis alipiga noti chache na kuacha nafasi za ukimya. Coltrane alitafuta kila kona ya kila sauti. Adderley, akiwa katikati yao, alileta blues na uchangamfu. Miaka baadaye Adderley alieleza kwamba miaka hiyo miwili ilikuwa kama chuo kwake. Kwa Davis alijifunza kutojaza kila nafasi, na kwa Coltrane alijifunza kuzivunjavunja na kuzipanga upya sauti zinazoandamana chini ya wimbo.

Mwaka 1958 kundi hilo lilirekodi albamu "Milestones". Tarehe 9 Machi mwaka huo Adderley naye alirekodi "Somethin' Else" kwa kampuni ya Blue Note, akiwa na Hank Jones kwenye piano, Sam Jones kwenye besi na Art Blakey kwenye ngoma. Jambo la ajabu ni kwamba Miles Davis, bosi wake, alikubali kupiga katika albamu hiyo kama mwajiriwa, jambo ambalo kwa wakati huo hakulifanya kwa watu wengine. "Autumn Leaves", wimbo wenye asili ya Ufaransa, ulipigwa humo kwa utulivu kiasi kwamba hadi leo wanafunzi wengi wa jazi huanzia hapo.

"Kind of Blue" ilirekodiwa kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Badala ya kufuata sauti nyingi zinazobadilika haraka, vipande vya albamu hiyo vilijengwa juu ya ngazi chache za noti, mpigaji akiachwa abuni papo kwa papo. Adderley anasikika katika vipande vinne kati ya vitano. Hayumo katika "Blue in Green". Kati ya wapigaji wote wa albamu hiyo yeye ndiye anayebaki karibu zaidi na blues, na pale wenzake wanapotafakari, yeye husimulia. Imekuwa miongoni mwa santuri za jazi zilizouzwa zaidi katika historia.

Septemba 1959 aliondoka kwa Davis. Nat alikuwa tayari, na safari hii walikuwa na jina.

San Francisco na kuzaliwa kwa soul jazz

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapa panahitaji maelezo kidogo. Kwetu neno jazz liliingia katika majina ya bendi za dansi, kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, na wengi hulielewa kwa maana ya muziki wa kucheza. Jazi ya Marekani ilianza ikiwa hivyo pia. Katika miaka ya 1940 Charlie Parker na Dizzy Gillespie walileta bebop, muziki wa kasi na hesabu ngumu, ambao watu waliketi kuusikiliza. Katikati ya miaka ya 1950 wanamuziki kama Art Blakey na Horace Silver waliuchukua ufundi huo wa bebop na kuurudishia mapigo mazito, blues na mwitikio wa kanisani. Mtindo huo ndio ulioitwa hard bop. Pale ambapo sauti ya kanisa ilizidi na wimbo ukawa rahisi kushikika, watu wakaanza kuuita soul jazz.

Bendi mpya ya Adderley ilikuwa na Nat kwenye koneti, Bobby Timmons kwenye piano, Sam Jones kwenye besi na Louis Hayes kwenye ngoma. Timmons alikuwa ametunga kipande kiitwacho "This Here", chenye mapigo matatu kama ya walzi lakini kinachonuka kanisa la watu weusi kuanzia noti ya kwanza. Watazamaji walikipenda kupita kiasi. Adderley alimwomba mtayarishaji Orrin Keepnews wa kampuni ya Riverside aende San Francisco kukirekodi. Kwa kuwa mji huo haukuwa na studio iliyomridhisha, Keepnews aliirekodi bendi ikiwa kazini katika klabu ya Jazz Workshop, mwezi Oktoba 1959.

Santuri iliyotoka ilikuwa na makofi, vigelegele na sauti ya Adderley akiwaeleza watu habari za wimbo kabla ya kuupiga. Kwa desturi ya wakati huo maneno kama hayo yangekatwa. Yakaachwa, na albamu ikauzwa kwa wingi usiotarajiwa kwa jazi. Tangu hapo makampuni mengi yakaanza kurekodi bendi vilabuni mbele ya watu.

Mwaka 1960 Nat alitunga "Work Song". Mapigo yake yanatokana na kumbukumbu ya utotoni huko Florida, alipowaona wafungwa waliofungwa minyororo wakitengeneza barabara huku wakiimba kufuata mapigo ya nyundo zao. Mwimbaji Oscar Brown Jr. aliuandikia maneno. Kati ya kazi zote zilizotoka katika nyumba ya Adderley, huenda huu ndio uliopigwa na watu wengi zaidi duniani.

Msaada kwa wengine

Riverside ilimpa Adderley nafasi ya kutayarisha santuri za watu wengine, na hapa uzoefu wake wa kutafuta vipaji darasani ulionekana. Mwaka 1959 alimsikia mpiga gitaa Wes Montgomery katika mji wa Indianapolis, alikokuwa akifanya kazi kiwandani mchana na kupiga vilabuni usiku. Adderley alimhimiza Keepnews ampe mkataba mara moja, na katika muda mfupi Montgomery akawa mpiga gitaa aliyeigwa kuliko wote katika jazi. Aidha, alimshauri mwimbaji kijana Nancy Wilson kutoka Ohio ahamie New York. Albamu yao ya pamoja ilitoka mwaka 1962 na ikamjulisha Wilson kwa wasikilizaji wa jazi. Mwimbaji na mpiga saksafoni Eddie Vinson, ambaye wengi walikuwa wamemsahau, naye alirekodi akisindikizwa na bendi ya Adderley.

Mwaka 1961 mpiga piano kutoka Austria, Joe Zawinul, aliingia katika bendi. Yusef Lateef, aliyepiga tena, filimbi na obo, alijiunga wakati huohuo na kuifanya bendi kuwa ya watu sita hadi mwaka 1963. Kipindi cha Lateef ndicho kizuri zaidi kwa wale wasiopenda soul jazz. Alileta nyimbo ngumu na ladha za Mashariki, na mwenye bendi hakuzikataa. Ziara yao ya Japani ya mwaka 1963 ilirekodiwa na kutolewa kwa jina "Nippon Soul". Baada ya Lateef alikuja Charles Lloyd, aliyekaa hadi 1965.

Mwaka 1962 Adderley alimwoa Olga James, mwigizaji na mwimbaji aliyeonekana katika filamu "Carmen Jones" ya mwaka 1954.

"Mercy, Mercy, Mercy"

Riverside ilifilisika mwaka 1964, na Adderley akahamia kampuni kubwa ya Capitol. Mwanzoni mambo hayakwenda vizuri. Capitol ilizoea kuuza waimbaji, na baadhi ya santuri za miaka hiyo zina vinanda na mapambo ambayo hayaongezi kitu.

Mabadiliko yalikuja tarehe 20 Oktoba 1966. Mtayarishaji David Axelrod aliigeuza studio ya Capitol mjini Hollywood kuwa kama klabu, akaalika watu na kuwapa vinywaji. Jalada la santuri lilidai kwamba muziki ulirekodiwa katika klabu moja ya Chicago, ambayo mwenyewe alikuwa rafiki wa Adderley. Haikuwa kweli, lakini kelele za watu ni za kweli. Zawinul alikuwa amegundua kwamba kipande chake kipya kinasikika vizuri zaidi kwenye piano ya umeme. Adderley anatanguliza maneno machache juu ya dhiki inayomfika mtu kabla hajajiandaa, kisha wimbo unaanza taratibu, unapanda, na watu wanaupokea kama waumini wanavyomwitikia mhubiri.

Mwaka 1967 "Mercy, Mercy, Mercy" ilifika nafasi ya 11 katika chati kuu ya nyimbo za Marekani, chati ambayo jazi isiyo na mwimbaji ilikuwa nadra kuingia. Kundi la vijana la The Buckinghams liliuimba kwa maneno na kufika nafasi ya 5 mwaka huohuo. Albamu ilimpatia Adderley tuzo ya Grammy. Inafurahisha kwamba kibao kilichochukuliwa kuwa kiini cha roho ya Wamarekani weusi kilitungwa na mzungu kutoka Vienna, aliyefunzwa na miaka mitano ndani ya bendi ya weusi.

Lawama zikawa nyingi. Wakati huo John Coltrane na wengine walikuwa wameusukuma muziki mbali mno, na kwa wahakiki kadhaa wimbo unaochezwa kwenye mashine za santuri baani ulikuwa usaliti. Ukiisikiliza albamu yenyewe lawama hizo hupungua nguvu. Upande huohuo wa santuri una vipande vya kasi vya hard bop ambavyo mtu asiye fundi hawezi kuvipiga. Msimamo wa Adderley, aliourudia mara nyingi, ulikuwa kwamba wasikilizaji ni watu wenye akili, na wakielezwa vizuri watakwenda popote unapowapeleka. Alivuta watu kwa wimbo mwepesi, kisha akawapa mgumu. Kila mwalimu wa hisabati anaijua njia hiyo.

Siasa, Afrika na vyuo

Mwaka 1968 Adderley alitoa "Accent on Africa", albamu ya bendi kubwa na sauti za waimbaji, yenye nyimbo kadhaa zilizopewa majina ya lugha za kusini mwa Afrika. Katika miaka hiyo mwimbaji Letta Mbulu, mkimbizi wa siasa za ubaguzi kutoka Afrika Kusini, alizunguka na bendi yake nchini Marekani.

Mwezi Oktoba 1969 bendi ilirekodi "Country Preacher" mjini Chicago katika mkutano wa Operation Breadbasket, mpango wa kupigania ajira na biashara za watu weusi ulioongozwa na mchungaji kijana Jesse Jackson chini ya jumuiya iliyoanzishwa na Martin Luther King. Wimbo uliobeba jina la albamu, nao wa Zawinul, unamhusu Jackson. Mwaka na nusu tu ulikuwa umepita tangu King auawe, na katika santuri hiyo majonzi na ukaidi vinasikika pamoja.

Zawinul aliondoka mwaka 1970 kuanzisha Weather Report pamoja na Wayne Shorter. George Duke, kisha Hal Galper, walishika nafasi yake, huku Walter Booker akiwa kwenye besi na Roy McCurdy kwenye ngoma. Bendi inaonekana ikipiga katika tamasha la Monterey ndani ya filamu ya Clint Eastwood "Play Misty for Me" (1971).

Katika miaka hiyo ya mwisho Adderley alikuwa akienda vyuoni na bendi nzima. Walikaa na wanafunzi, wakatoa mihadhara juu ya historia ya muziki wa watu weusi, wakafundisha kila mmoja ala yake, na jioni wakapiga. Masomo ya juu aliyokuwa ameyafuata New York mwaka 1955 hakuyapata, lakini aliishia kufundisha katika vyuo vyenyewe.

Miaka ya mwisho na kifo

Adderley alisumbuliwa na kisukari kwa muda mrefu, na maisha ya safari, chakula cha hotelini na kulala alfajiri hayakumsaidia. Mwaka 1973 alihamia kampuni ya Fantasy. Katika albamu "Phenix" (1975) alizirekodi upya nyimbo zake za zamani, akiwaita tena wenzake wa mwanzo kama Sam Jones na Louis Hayes.

Kazi iliyomgusa zaidi wakati huo ilikuwa "Big Man", mchezo wa nyimbo alioutunga na Nat kuhusu John Henry. Katika masimulizi ya Wamarekani weusi, John Henry ni mfanyakazi wa reli mwenye nguvu za ajabu aliyeshindana na mashine ya kutoboa mwamba, akaishinda kwa nyundo yake, kisha akaanguka na kufa. Joe Williams aliimba nafasi ya John Henry, na mwimbaji kijana Randy Crawford aliimba nafasi ya mwanamke wake. Santuri mbili za kazi hiyo zilitoka mwaka 1975.

Mwezi Julai mwaka huo, akiwa safarini jimbo la Indiana, Adderley alipatwa na kiharusi. Hakupona. Alifariki katika mji wa Gary tarehe 8 Agosti 1975, akiwa na miaka 46, na kuzikwa Tallahassee. Mwaka huohuo aliingizwa katika orodha ya heshima ya jarida la DownBeat. Mwaka 1976 Weather Report walitoa kipande kiitwacho "Cannon Ball", Zawinul akimkumbuka bosi wake wa zamani.

Nat aliendelea kuongoza bendi zake, na baadaye alifundisha katika chuo kimoja cha Florida, jimbo walilotoka. Alifariki tarehe 2 Januari 2000. Mchezo wa John Henry, ambao kaka yake hakuwahi kuuona ukiigizwa kikamilifu, ulipandishwa jukwaani California mwaka 1986 kwa jina la "Shout Up a Morning".